Sikujipaka, Nilijifukiza

Naona haya hata kuanza, lakini kwa kuwa nyote mlioniona kwenye tivii mnaijua nusu tu ya habari, bora iliyobaki muipate kwangu kuliko kwa jirani yangu wa Malindi, maana yule anaitia chumvi mpaka inawasha.

Mnajua mimi ni fundi ndege. Mwaka jana karakana yetu pale uwanjani ilipata kazi ambayo hatujapata kuiona: jeti ndogo, zile za kubebea matajiri, igeuzwe iwe ya utafiti, yaani viti ving'olewe, zifungwe mashine za kupima hewa, na dirisha moja litolewe, pahala pake tutie bamba la aluminiamu lenye mrija uliochomoza nje kama pua, uwe unavuta hewa ndege ikiwa juu ya bahari, wataalamu wajue moshi wa mioto ya bara unatufikia kiasi gani. Bamba lile tulipewa mimi na mkubwa wangu wa kazi, Mzee Makame wa Mkokotoni. Nililikata, nikalifunga, nikalizungushia gundi kwa mkono wangu, na kila nikilala naota limeng'oka angani.

Siku ya kuruka mara ya kwanza akaalikwa mgeni rasmi na waandishi wa habari. Mkuu wa utafiti, Dokta Neema, mama wa Mbeya asiyecheka ovyo, alishatuonya: "Jamani, hizi mashine zinanusa kuliko mbwa. Kesho mtu asijipake manukato." Sasa asubuhi nnavaa ovaroli naiona inanuka mafuta ya ndege, na mimi ndiye nitakayesimama mbele ya mgeni, nikajiambia (hebu sikilizeni akili yangu) kuwa nimekatazwa kujipaka, sikukatazwa kujifukiza. Nikatia makaa chetezoni, nikatandaza ovaroli na mtandio juu yake, nikafukiza udi mpaka mama akauliza kutoka chumba cha pili, "We Zuhura, unakwenda kazini au unakwenda kuolewa?"

Uwanjani mashine zikawashwa. Nikapanda ngazi niupanguse mrija kwa mara ya mwisho, mara Dokta Neema akatoa kichwa mlangoni mwa ndege.

"Kuna kitu kinaingia! Grafu imepanda!"

Nikateremka kuchukua tochi, akasema imeshuka. Nikapanda kutazama gundi, akapiga kelele imepanda tena, na kila nikisogea kuiokoa kazi yangu ndipo inapozidi kuharibika, na jasho linanitoka (nimekuja kujua baadaye kuwa jasho linauamsha udi).

"Ni gundi hiyo," akasema. "Haijakauka, inatoa mvuke. Nani kaipaka?"

Nilikuwa najiandaa kusema, wallahi nilikuwa najiandaa, lakini Mzee Makame, ambaye gundi ile hakuitia hata kidole, akatangulia.

"Mimi, Dokta. Bamba ni kazi yangu."

"Basi ibanduliwe."

Tukaibandua, gundi nzima iliyoshika kama mfupa, na wote tunajua kuwa tukipaka mpya haitakauka mpaka kesho, kwa hivyo safari ya leo ishakufa. Mgeni rasmi chini ya turubai anatazama saa yake. Kamera zinasogea. Tulipomaliza, grafu ikawa juu kuliko mwanzo, maana nimeuinamia mrija kabisa.

Dokta Neema akachukua mpira mrefu, akauunga kwenye mashine, akamwambia mwenzake asome kwa sauti, kisha akaanza kuupitisha huku na huku: magurudumu, ngazi, kopo la gundi, Mzee Makame. "Chini... chini... bado chini..." Mpira ukafika begani kwangu.

"Juu! Imegonga mwisho!"

Akadhani ni kosa, akaurudisha kwa Mzee Makame. Chini. Akauleta kwenye mtandio wangu. Juu! Mpiga picha akapiga magoti ili anipate vizuri, na mgeni rasmi akanyanyuka kitini aone.

"Zuhura," Dokta akasema taratibu, "umejipaka nini?"

"Sijajipaka kitu, Dokta. Nimejifukiza."

Turubai zima likaangua kicheko, mgeni rasmi kashika tumbo, na mimi natafuta injini niingie nijifungie humo. Dokta Neema peke yake hakucheka. Alitazama gundi iliyobanduliwa, akanambia niende nyumbani nikaoge.

Kabla sijaondoka nilimfuata Mzee Makame, aliyekuwa keshaanza kupaka gundi upya peke yake.

"Nisamehe, mzee wangu. Kwa nini ulijitwika?"

"Kazi yako nzuri, niliiona. Lakini ulikuwa ushaanza kutetemeka, ungelia pale, wangeamini kweli umeharibu."

"Na harufu hukuisikia?"

"Nimeisikia tangu unashuka kwenye vespa," akasema bila kugeuka. "Lakini mtoto wa kike wa Unguja kunukia udi, nani ashtuke?"

Ndege iliruka kesho yake, bamba likakaa kimya kama ndege ilizaliwa nalo. Mimi niliiangalia kutoka nje ya uzio, na macho yamenijaa machozi, kwa sababu Dokta alikataa nisogee hata nilipomwapia kuwa nimeoga mara tatu. Na nimeapa: mtu akinikataza jambo sitafuti tena uchochoro kwenye maneno yake. Namuuliza anakusudia nini, hata kama watu wananicheka.