Marahaba kwa Vijana wa Korea

Juzi niliingia steshenari moja pale Kikuyu kutoa kopi, na haraka zangu za kiofisi. Dada wa dukani alikuwa ameegemeza simu kwenye mashine, anatazama kundi jipya la muziki la Korea, vijana sita. Mama mmoja wa Kondoa alikuwa amekaa pembeni, akisubiri kopi zake. Kabla ya kuimba, wale vijana wakainama wote, vichwa vikakaribia magoti.

"Marahaba, wanangu," mama akaitikia.

Dada akacheka. "Mama, hawakusikii hao!"

"Hata kama. Si wamesalimia?" Akasogeza kiti. "Ila yule mwenye nywele za bluu kainama nusu. Hebu rudisha."

"Huyo ndiye kitindamimba wa kundi."

"Ndiyo maana anadeka! Rudisha tena."

Walirudisha mara tatu. Kopi zilitoka, mama hakuzigusa. Alikuwa anajifunza majina ya wote sita. Nilifurahi naye, mpaka nilipokumbuka kwamba tangu niingie sijamsalimia mtu.

"Shikamoo, mama," nikasema, nikainama kidogo.

"Marahaba." Kwa mara ya kwanza akanigeukia. "Kumbe na wewe shabiki wao?"