Kamba Namba Nne na Vidole vya Mama Mutua

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata kiti. Katibu wa Vifaa, mzee mwembamba aliyevaa kaptula hata miezi ya baridi, alinirushia furushi la kamba akaniambia niikague yote, kisha nimwambie kama inafaa. Nilikuwa nimetoka kubeba magunia kwenye magodauni miaka minane, nikaona huu ni mchezo wa watoto. Nikaitazama juu juu, nikasema inafaa. Akaniuliza, "Ungemfunga mwanao na hii?" Wakati huo sikuwa na mtoto, lakini nilimwelewa. Akanirudishia furushi, nikaanza upya.

Hiyo ilikuwa stoo ya chama cha wapanda milima, katika miaka ya sabini. Vijana hunicheka nikiwaambia ilikuwa Shauri Moyo, hapa Nairobi, chumba kimoja cha mawe nyuma ya mafundi wa chuma. Huniuliza, "Mzee, Eastlands kuna mlima gani?" Mlima hakuna, ila nyundo zilikuwepo. Machela ikipinda au msumari wa kushikiza kamba mwambani ukivunjika, unavuka ua tu na kitu kinatengenezwa ukikiangalia. Mimi nilikaa Kaloleni, na kazini nilikwenda kwa miguu.

Niwaeleze kidogo kamba yenyewe, maana wengi wenu mnajua ya kufungia mbuzi tu. Kamba ya kupandia ina sehemu mbili. Ndani kuna kiini, nyuzi nyingi nyeupe za nailoni zilizolala pamoja, na nje kuna gamba lililosukwa ili kukilinda. Karibu uzito wote hubebwa na kiini. Gamba likichubuka, hata kipofu atalipapasa alijue. Lakini kiini kikikatika, gamba linaweza kubaki linang'aa kama siku ya kununuliwa. Ndiyo maana mkaguzi huivuta kamba polepole kati ya vidole, pima baada ya pima, akitafuta mahali palipolegea. Kamba yenye shaka ilikatwa vipande siku hiyohiyo, mtu asije akaionea huruma. Vipande niliwagawia akina mama wa Kaloleni, wakaanikia nguo. Ukipita mtaani Jumamosi ungeona mashati na nepi zikipepea kwenye kamba zilizofika vilele vya Mlima Kenya.

Katibu wa Vifaa alipostaafu, nilipandishwa kuwa mtunza stoo, chini ya Kiongozi wa Uokoaji. Huyu alikuwa mwanajeshi wa zamani, mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kukusanya watu na vifaa mtu akiumia mlimani. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha akinyoosha mkono anapata kitu kizima. Nilijivuna nayo, nisiwafiche. Nilijiona hakuna kamba inayoweza kunidanganya.

Jirani yangu Kaloleni alikuwa Mama Mutua, mjane kutoka Ukambani aliyesuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, mlangoni pake na kuviuza mjini. Mwanawe Mutua alikuwa karani, mtu mzima mwenye mshahara wake. Mimi ndiye niliyemwingiza katika chama, na ndani ya miaka mitatu akawa anapanda miamba ambayo mimi naiangalia nikiwa chini, nimeshika kofia. Mamake hakupenda. Siku moja aliniambia, nusu akicheka, kwamba mimi ndiye niliyempeleka huko juu, kwa hiyo mimi ndiye nitakayemrudisha.

Jumamosi moja asubuhi Kiongozi aliingia stoo bila salamu. Askari wa mbuga walikuwa wameleta habari kwa redio kutoka Mlima Kenya: jiwe limeng'oka, Mutua ameanguka. Kamba ilimshika, lakini mfupa wa paja umevunjika. Mwenzake amemfunga kwenye kijukwaa cha mwamba kisichozidi upana wa kitanda, na hapo hatoki ila kwa kuteremshwa kwenye machela.

Chama kile kilikuwa na ugomvi mwingi wa mikutanoni, lakini siku ile hakuna aliyeuliza kitu. Kufikia saa tatu ua wetu ulijaa. Daktari mmoja mwanachama alifika na mkoba wake, mwalimu akafika na gari, na mafundi wa chuma wakaacha majiko waliyokuwa wakigonga, wakainyoosha miguu ya machela bila kuombwa. Gari lilipangwa kuondoka saa sita.

Mama Mutua naye akaja. Alikuwa ametembea kutoka Kaloleni na uzi wa mkonge bado umezunguka kidole. Niliogopa atanilaumu mbele ya watu. Hakunilaumu.

"Baba Wanjiru," aliniambia, "nipe kazi. Nikikaa nyumbani nitapasuka."

Nikampa kamba namba nne aikunje. Ilikuwa ya buluu, mpya, imekwenda mlimani mara moja tu, ndefu kuliko zote, nami niliipenda. Machela huteremshwa kwa kamba mbili, moja ya kubeba na moja ya akiba, na siku ile zile ndefu zilizobaki zilikuwa mbili tu: namba nne na namba saba. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimeikagua namba nne mwenyewe, nikaandika daftarini "nzima", nikatia sahihi.

Mama Mutua alikaa juu ya gunia, akaanza kuikunja akitazama ukuta. Vidole vikasimama. Akarudi nyuma kidogo, akapita tena, akasimama palepale. Mbele kidogo akasimama tena.

"Hapa ndani hapana kitu," akasema. "Mara mbili."

Nikaichukua. Nikapapasa mahali pale, nikapinda, nikavuta. Sikusikia chochote. Viganja vyangu, kwa magunia yale ya miaka minane, vilikuwa vigumu kama soli ya kiatu, na hilo sikuwahi kulifikiria mpaka siku ile. Kiongozi naye akapapasa, akatikisa kichwa.

"Ni mpya, na umeitia sahihi," akaniambia. "Tukiiacha, itabidi tuunge kamba fupi kwa mafundo. Kila fundo ni kusimamisha machela, kuifunga mwambani, kulivusha fundo kwenye breki, kuanza upya. Tutapoteza masaa, na kijana anavuja damu."

Daktari alisema ni kweli, masaa ni kitu kikubwa. Wote wakanitazama mimi. Nilitaka sana kamba ile iwe nzima. Nilitaka kwa ajili ya Mutua, na nikiri pia, kwa ajili ya sahihi yangu.

"Mkonge ukifa ndani, nje hubaki mzuri," Mama Mutua akasema bila kupandisha sauti. "Nimesuka tangu nikiwa msichana. Mwanangu achelewe. Afadhali nimngoje kuliko nimzike."

Nikachukua kisu. Kukata kamba bora ya stoo mbele ya Kiongozi wa Uokoaji, kwa neno la msusi wa vyondo na kinyume cha vidole vyangu mwenyewe, ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya katika kazi ile. Nikakata pale alipoonyesha mara ya kwanza. Gamba lilikuwa safi. Ndani, zaidi ya nusu ya nyuzi zilikuwa zimekatika. Bila shaka mtu aliikanyaga na viatu vya meno ya kupandia barafu, akanyamaza. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Kiongozi alichuchumaa mbele ya gunia. Alimwomba Mama Mutua, kwa heshima zote, azipitie zilizobaki. Mama akaita majirani wawili, wasusi wenzake, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Wakaketi kwenye turubai, wamefumba macho, wakavuta kila kamba tuliyokuwa nayo kutoka ncha hadi ncha. Namba saba ilipita. Fupi nne zilipita. Saa sita kamili tukaondoka.

Tulimfikia kesho yake asubuhi. Tulivusha mafundo matatu, na kila fundo lilipokaribia breki ya kuteremshia, kile chuma kinachobana kamba isikimbie, Kiongozi aliita, "Simama," nasi tukasimama, tukafunga, tukavusha, tukaendelea. Hatukuharakisha hata moja. Mimi nilishika kamba ya akiba kazi nzima. Machela ilipogusa chini, Mutua alifumbua macho. Midomo ilikuwa imepasuka kwa baridi.

"Mathe anajua?" akauliza kuhusu mamake.

"Anajua kuliko sisi," nikamwambia.

Mguu ulipona, mfupi kidogo. Miamba hakupanda tena, lakini aliwafundisha vijana wa mtaa kufunga mafundo kwenye ukumbi wa Kaloleni kwa miaka mingi, akiwatania wanaofunga kama wanafunga viatu.

Wiki ile Mwenyekiti wa chama aliniita. Alitaka niandike kwamba namba nne iliharibika safarini, jina la chama lisichafuke. Nikaandika hivi: "Niliipitisha mimi. Nilikosea. Aliyegundua ni Mama Mutua." Nikamwambia pia kwamba sitatia sahihi tena peke yangu, kila kamba ipite mikononi mwa watu wawili, na mmoja awe msusi. Alisema chama hakiwezi kumwandika kazi mama wa vyondo. Nikaweka funguo za stoo mezani pake. Zilikaa hapo siku tatu, kisha akazirudisha, na tangu hapo kila Jumatano Mama Mutua alikuwa stoo kwa mshahara.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha uokoaji chini ya mlima, nikarudi Nairobi kama mkuu wa vifaa, na mwishoni mwa miaka ya themanini nikastaafu. Mama Mutua alikuwa ameshafariki. Nilimlilia kama dada yangu.

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani, ikasimama mwaka uleule. Nilichoomba mwenyewe ni kipande cha namba nne chenye ile sehemu ya pili aliyoionyesha, ambayo hatukuikata. Kiko kwenye droo. Mutua akija kunijulia hali hukitoa, hukipitisha kati ya vidole akiendelea na hadithi zake, na mara vidole vinasimama. Ana mikono ya mamake. Akishaondoka huwa nakichukua na mimi, nafumba macho, navuta polepole kutoka ncha hadi ncha. Mpaka leo sijapaona.