Shukrani ya Gari la Kukodi

Aibu yangu mimi haikunipata kichochoroni. Ilinipata mchana kweupe, ndani ya ofisi ya mtendaji wa kata, watu wamejaa mpaka madirishani, na mama yangu mzazi akiwa ndani ya sare yake ya umoja wa wanawake wa kanisa. Kwa hiyo anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea, hata wauza ndizi wa hapa Kyela wakiniona napita na gari wananipigia kelele, "Atu, hilo la nani?" na mimi nacheka nao, nifanyeje. Ila kuna kipande kimoja kikinijia nikiwa peke yangu naacha ninachofanya na kukaa chini, na hicho ndicho ninachotaka mkisikie, maana cha kuchekesha mmeshakisikia kwa wengine, tena kimeongezewa chumvi.

Nina kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, ya kubebea vyungu. Vyungu navichukua Matema, vinakoshushwa na mitumbwi kutoka kwa akina mama wa Kikisi wanaovifinyanga, navipanga kwenye majani makavu ya migomba, navileta mjini, vingine vinavuka mpaka wa Kasumulu kwenda Karonga, Malawi. Siku hiyo nilikuwa nimeegesha Mbugani, pembeni kabisa ya barabara, injini nimezima, nikaingia dukani kumnunulia Mama chumvi aliyoniagiza (Mama anakaa Ikolo, na chumvi ya duka la kwao anasema haina nguvu, sijui chumvi isiyo na nguvu ikoje, lakini ndivyo alivyo). Nikiwa nasubiri chenji nikasikia mlio ambao mpaka sasa siwezi kuuelezea vizuri, chuma na udongo kwa pamoja, nikatoka mbio, nikakuta Fuso la mchele lililokuwa linarudi nyuma limeingia kwenye kirikuu yangu upande wa dereva, mlango umekunjwa mpaka kwenye usukani, na vyungu vyote vimekuwa vigae. Nilisimama pale na pakiti ya chumvi mkononi kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

Mwenye Fuso, Gwamaka, yule wa mashine ya mchele, alifika haraka na sina la kumlaumu. Mbele ya askari wa trafiki alisema, "Dada Atu, kosa ni la dereva wangu, sibishi. Bima itatengeneza gari lako. Na mpaka litoke gereji, kodi gari la kufanyia kazi zako, gharama yake juu yangu." Tukapeana mikono, askari akashuhudia. Sasa niambieni, mtu akitendewa hivyo si anatakiwa kutulia?

Nikaenda kwa Salum anayekodisha magari, kijana mwenye maneno matamu, mama yake wa Karonga, baba yake wa hapa. Kirikuu alikuwa nayo, chafu kidogo, kioo kina ufa, lakini nzima. Pembeni yake ilikuwa imesimama pikapu ya milango minne, nyeupe, inang'aa, viti vya ngozi. Salum akaniona macho yalipokwenda. "Dada, chukua hii," akasema, "kwani anayelipa ni wewe?"

Basi. Neno lenyewe ndilo hilo. Ningesema, "Hapana, nipe ile chafu," leo nisingekuwa na habari ya kuwasimulia. Nikajiambia nimegongwa, nimepoteza vyungu, moyo unauma, na mimi nastahili kupumzisha mgongo hata wiki moja. Nikachukua ufunguo.

Jioni ile ile nikampelekea Mama chumvi yake. Nilikuwa sijazima hata injini, akatoka jikoni anajifuta mikono, akalizunguka gari taratibu, akaigusa boneti kwa mgongo wa kiganja kama anavyopima mtoto mwenye homa. "Kyala! Mungu wangu!" akasema. "Atu, umelipata!" Maana nilikuwa nimemwambia miaka mingi kwamba ipo siku nitanunua gari kubwa, na yeye alikuwa amelibebea maombi. Nikafungua mdomo, "Mama, hili gari..." lakini alikuwa ameshapiga vigelegele, majirani wanatoka, mmoja ananishika mkono huu, mwingine ule.

Ningeweza kusema, najua. Lakini nikisema ni la kukodi, ataniuliza langu liko wapi, na nikisema limegongwa, hapo ndipo sikuthubutu. Kaka yangu Ipyana alifia barabarani, kwenye miteremko ya Tukuyu, na tangu tumzike Mama hawezi kulisikia neno ajali, hata redioni likitajwa anainuka anatoka nje. Watu bado wanamwita Mama Ipyana. Kwa hiyo nilinyamaza kwa ajili yake. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba vigelegele vilikuwa vitamu, jamani, sikuwahi kupigiwa vigelegele tangu niachike, na nilitaka viendelee kidogo.

Viliendelea. Jumapili Mama alisimama kanisani kutoa shukrani, jogoo mkononi, na debe la mchele wa shamba lake kichwani, akasema Mungu amemwondolea maneno ya watu, kwamba mwanawe aliyerudishwa nyumbani na mabegi sasa anaendesha gari ambalo hata waliomrudisha hawana. Ibada ilipokwisha mchungaji akatoka nje na wazee wa kanisa, wakaweka mikono juu ya boneti ya gari la Salum, wakaliombea lisidhuru wala lisidhuriwe. Mimi nimesimama hapo nimeinamisha kichwa, na wote wanadhani ni unyenyekevu. Ukaja mnada wa sadaka, jogoo wa Mama akanadiwa, na kwa kuwa mwenye gari kama lile hawezi kushindwa jogoo na mwalimu wa shule ya msingi, nikapandisha bei mpaka mwalimu wa watu akakaa chini. Nilimnunua jogoo wa kwetu wenyewe.

Baada ya hapo ikawa misiba, ningekataaje, mwenye gari ndiye anayebeba wafiwa. Harusi, kipaimara, mgonjwa wa kupelekwa hospitali, wote kwa Atu. Vyungu nilibeba siku chache tu (Salum hakupenda udongo kwenye gari lake). Gereji wakanipigia simu kwamba kirikuu imepona, na mimi, msicheke, nilisema wasiharakishe, waipake rangi vizuri.

Mwisho nikarudisha gari, nikachukua risiti ya Salum, nikaenda nayo kwa Gwamaka mashineni. Aliisoma mara moja, akanitazama, akaisoma tena. "Dada, hili si lile gari lililobarikiwa Ikolo?" akauliza, tena kwa upole. "Shangazi yangu alikuwepo. Aliliwekea mkono." Nikamwambia ni la kukodi. Akasema, "Basi kanisa zima limedanganywa, au mimi ndiye ninayedanganywa. Chagua." Mimi badala ya kuona haya nikapandisha hasira, nikamwambia alinigonga yeye, sikumtuma, na ahadi aliitoa mbele ya askari. Nikampeleka kwa mtendaji. Mimi! Kwa miguu yangu!

Siku ya kikao ofisi ilijaa. Gwamaka alijieleza bila kelele: gari nilichukua la kifahari, kazi ya vyungu sikuifanya ipasavyo, na gereji walimwambia kwamba nilichelewesha mwenyewe. "Nilikubali kulipia kirikuu, mheshimiwa," akasema. "Sikukubali kulipia sifa." Watu wakaguna. Mtendaji, mama mmoja mtu mzima asiye na haraka, akamwita Salum athibitishe gari ni lake, na Salum ndiyo kwanza anaingiza mkono mfukoni kutoa kadi ya gari, tukasikia bodaboda nje, nyingi.

Habari ilikuwa imefika Ikolo imepinduliwa, kwamba mfanyabiashara wa mchele amempeleka Atupele kwa mtendaji kwa sababu ya gari, na Mama akaelewa kwamba wanataka kuninyang'anya. Akakusanya wenzake wa umoja wa wanawake, wakavaa sare, wakaja. Wakaingia wamenyooka, Mama mbele, akawasalimia wakubwa kwa heshima zote, kisha akasema, "Mheshimiwa, mimi sijui sheria. Najua kwamba gari hili ni la mwanangu, limeombewa mbele ya macho yetu, na wenzangu hawa wote ni mashahidi. Mtu akilitaka, aanze na mimi." Na wale akina mama nyuma yake wakaitikia, "Kweli kabisa."

Gwamaka aliangalia chini, nadhani alinionea huruma. Salum, maskini, hakujua afanye nini na ile kadi, akaiweka mezani polepole na kusema, "Shikamoo Mama. Gari ni langu mimi. Dada alilikodi tu, wakati lake liko gereji."

Mama akageuka. Nilijiandaa aniulize kama nilimdanganya. Nilikuwa na majibu, jamani, nilikuwa nimeyapanga kichwani tangu Jumapili ile. Hakuniuliza hilo.

"Gereji?" akasema. "Lako lilikuwa na nini?"

Nikasema, "Liligongwa, Mama."

Akanishika mikono yote miwili pale pale mbele ya watu, akanigeuza huku na huku, akanipapasa mabega na shingo, kama kwamba imetokea asubuhi ile. "Ulikuwa ndani? Atu, niambie, ulikuwa ndani?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa nimeshuka kukununulia chumvi."

"Ile chumvi?"

"Ile ile."

Mlango ule uliingia mpaka kwenye usukani, niliwaambia. Nilikuwa nimeuona kwa macho yangu, nimeupiga picha, nimeujadili na fundi na mtu wa bima, nimezungumzia bampa na rangi na bei ya kukodi, na katika siku zote zile sikuwahi hata mara moja kukaa nikafikiri kwamba mahali pale palipokunjwa ndipo ninapokaa mimi. Nilikuja kulifikiria wakati Mama ananishika shingo. Mama akatafuta benchi, akakaa, akasema jina moja tu, "Ipyana," na wenzake wakamzunguka.

Mtendaji alimaliza kwa maneno machache. Gwamaka atalipa kama ningekodi kirikuu, kwa siku ambazo gereji walihitaji kweli, na kinachozidi nalipa mimi. Gwamaka akakubali. Mimi nikakubali, sikuwa hata nasikia vizuri. (Nimelilipa deni la Salum kwa vyungu vingi sana, na bado naona ni haki.) Nje nikamwomba Mama nimrudishe na kirikuu, akasema atapanda bodaboda. Wale akina mama waliokuja kunipigania walinipita mmoja mmoja bila kunisalimia, na mmoja aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto akasema tu, "Eh, Atu."

Wiki ile Mama hakupokea simu yangu. Jumamosi akapiga yeye. "Kesho uje kanisani," akasema. "Uje na gari lako." Akakata.

Nikaenda na kirikuu, mlango una rangi isiyofanana na nyingine, nikakaa benchi la nyuma kabisa. Zamu ya shukrani ilipofika Mama akasimama, peke yake, na nilidhani ardhi ingenipasukia. Mkononi hakuwa na jogoo. Alikuwa na pakiti ya chumvi, imefunguliwa, imebaki nusu.

"Wapendwa," akasema, "juzi niliwasimamisha hapa tukashukuru kwa gari la Salum. Salum naye ni mtoto wa mtu, Mungu ambariki na gari lake, ile shukrani siidai. Lakini mimi nilikuwa na shukrani yangu na nilikuwa siijui, kwa sababu mtoto wangu aliogopa kuniambia. Gari lake liligongwa pale anapokaa. Yeye alikuwa ameshuka kuninunulia hii." Akaiinua. "Mmoja nilimpeleka makaburini. Huyu amerudi na chumvi. Ndaga fijo, Kyala, asante sana Mungu." Akaenda akaiweka madhabahuni, akarudi akakaa, si pale anapokaa siku zote, akaja nyuma, akakaa na mimi.

Kwaya ilichelewa kuanza. Kwenye mnada, yule mnadishaji mwenye mdomo aliishika ile nusu pakiti, akafungua kinywa kutania kama kawaida yake, akakifunga. Hakuna aliyetaja bei. Nikatoa nilichokuwa nacho chote.

Tangu siku hiyo nimejiwekea nadhiri mbili. Nikifika mahali na gari lolote, kabla sijazima injini natangaza ni la nani, hata kama hakuna aliyeuliza, na watu wananiona kichaa. Na nikigongwa, hata na baiskeli, wa kwanza kujua ni Mama. Chumvi yenyewe iko kwenye kirikuu, mbele pale karibu na kioo, imeshaganda kwa joto, haifai tena hata kwa ugali. Mama akipanda huigusa kwanza, ndipo anafunga mlango.