Kilima Kisichoandikwa

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki kutoka Sake hadi Kirolirwe, mimi mwenye magoti yasiyotaka tena kukunjwa, ili nijiandikishe kupiga kura kule nilikozaliwa. Wajukuu walinicheka. Walisema Goma, tunakoishi, imejaa vituo vya kuandikisha, kwa nini nikatikise mifupa barabarani? Foleni ilikuwa mbele ya shule, matope yakifika kwenye vifundo vya miguu, na mbele yangu alisimama kijana aliyekuwa akipiga miayo tangu asubuhi. Zamu yake ilipokaribia akanigeukia. "Mama, mie minaenda," akasema. "Banatuandika kila mara, na kisha? Hakuna kintu itabadilika." Akanipisha kwa heshima kabisa, akaondoka na mikono mifukoni.

Nilitaka kumshika shati nimrudishe. Lakini karani alikuwa ameshaniita mezani, rafiki yangu, na yeye akashuka zake kuelekea barabarani. Basi nakueleza wewe, kwa kuwa yeye hakunisubiri.

Nimekulia kwenye kilima kimoja cha Masisi, wakati wa Wabelgiji, nyumbani kwa koko. Hivyo ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ulisikia majirani wakikohoa kabla hujawaona. Tulikuwa tunateka maji kwenye kijito huku vidole vikiuma kwa baridi, tunarudi tunakuta Koko ameshapuliza moto, na harufu ya viazi vilivyofukiwa kwenye majivu imejaa nyumba nzima. Mchana ilikuwa bugali, yaani ugali, ya mtama na mboga ya lengalenga. Jioni wanaume walirudi kutoka mashambani, wengine kutoka msitu wa mianzi juu ya kilima, wakasimulia na kubishana mpaka kasiksi, pombe ya ndizi, iishe kwenye kibuyu. Nilidhani dunia nzima inaishi hivyo. Nilikuwa mtoto, ningejua nini?

Kitu kimoja tu kilitutisha: kuandikwa. Karani wa serikali alikuja kila mara na askari kuhesabu watu. Mwanaume aliyeandikwa alipewa buku, kijitabu chake cha kitambulisho, na buku ile ilimfuata popote. Ilimleta kwenye kodi, ikampeleka kulima barabara, na akipumua kidogo ikampeleka kuchimba mawe ya bati kwenye misitu ya Walikale. Mtoto wa kwanza wa Koko, baba yangu mkubwa, aliandikwa akiwa kijana. Alipewa blanketi, akaenda Walikale kwa miguu pamoja na wengine, na blanketi ndilo lililorudi.

Tangu hapo Koko alijipa kazi. Nyumba yake ilikuwa kwenye ukingo, mahali ambapo unaiona barabara yote ikipanda kutoka bondeni. Akiona gari la karani, alikuwa anatupia majani mabichi na kangaga zenye umande kwenye moto wa uani. Moshi ulitoka mweupe na mzito, ukasimama juu ya nyumba, na kila mwanaume kilimani aliuona. Majembe yalibaki yamelala shambani. Moshi ukiwa mdogo, walijua ni karani peke yake, wakajificha karibu. Moshi ukizidi, walijua kuna askari wenye kamba, wakapotelea ndani kabisa ya mianzi, wasitoke mpaka kesho yake. Hakuna aliyewahi kukamatwa siku Koko alipokuwa nyumbani.

Sisi watoto tulifundishwa jibu moja: baba alikufa. Tulilisema vizuri sana, wengine tukitoa na machozi. Kwenye vitabu vya serikali kilima chetu kilikuwa kilima cha wajane na wazee wachache wasio na nguvu. Kapita, yaani msimamizi wa kijiji aliyewekwa na serikali, alijua kila kitu, na alijua pia ladha ya kasiksi ya Koko, kwa hiyo alinyamaza. Siku moja karani alimtazama jirani yetu, mjane kwa mujibu wa kitabu, mimba ikiwa imefika mdomoni, akamuuliza mumewe alikufa lini. Jirani akajibu kwamba ni zamani. Hata askari alicheka. Leo nikikumbuka nacheka bado, halafu kicheko kinanikatikia njiani, maana tulikuwa tunajichimbia shimo kwa furaha namna ile.

Mwaka wa mwisho kabla ya uhuru, mwalimu wa shule ya misheni alipanda kilimani baada ya misa akakaa na Koko uani. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, viatu vyake alivibeba mkononi ili visichafuke. Alisema Wabelgiji wametangaza kwamba sasa watu wenyewe watachagua baraza, kila mwanaume mzima atapiga kura, lakini lazima awe ameandikwa. Koko aliendelea kumenya viazi kana kwamba haongeleshwi yeye.

"Koko, unisikilize," mwalimu akasema. "Ule muzungu wa ng'ombe anatafuta malisho, ameomba hiki kilima. Serikali inasema itatuma karani aangalie kama iko na batu. Kama banaume baliandikwa, kilima haitolewe mpaka baraza isikie kwanza. Kama hakuna, batasema iko bure, haina mwenyewe, bamupatie."

"Iko bure namna gani, na sisi tuko hapa?"

"Kwa macho tuko. Kwa kitabu hatuko."

Koko akaweka kisu chini. "Mutoto wangu aliandikwa," akasema. "Iko wapi?"

Nampenda mwalimu mpaka leo kwa sababu hakumdanganya. Alimshika mkono tu akamwongoza mpaka upande wa chini wa kilima, na sisi tukafuata nyuma. Kule vigingi vya mti mpya vilikuwa vimeshapigwa kwenye mashamba, vimepakwa rangi nyeupe kichwani. Kimoja kilisimama katikati ya shamba la Koko mwenyewe. Alikizunguka, akakitazama, akakigusa kwa kidole. Usiku ule hakula.

Kuanzia kesho yake alianza kupita nyumba hadi nyumba. Hebu fikiria, rafiki yangu, mwanamke aliyewaficha wanaume wale tangu wakiwa wavulana, sasa anawaomba watoke. Wengine walimcheka. Mmoja alimuuliza kama mwalimu amemlisha kitu. Koko hakukasirika, na alikuwa mtu wa kukasirika haraka. Aliketi, akanywa walichompa, akarudia maneno yale yale: "Minaliwaficha mupone. Leo mukijificha, tutakufa bote pamoja." Alikwenda mpaka ng'ambo ya kijito, kwenye nyumba ambazo hakuwa amezikanyaga tangu ugomvi wa zamani wa mipaka. Jumapili iliyofuata, mbele ya kanisa la nyasi, wanaume wengi waliitikia kwamba watakuja.

Shida ilikuwa siku. Mwalimu hakujua karani atafika lini, na mashamba hayawezi kungoja. Mtu mmoja akauliza wataitwaje. Koko akasema atawasha moshi kama kawaida, ila safari hii moshi maana yake ni njoo. Watu wakasema sawa. Mimi nilikuwepo, nilisikia wakisema sawa. Lakini kulikuwa na waliokuwa kwenye mianzi Jumapili ile, na waliokuwa wamesinzia, na waliosema sawa kwa sababu mama mzee ameomba na si vizuri kumkatalia mbele ya watu.

Karani alikuja siku ya jua, ukungu ulipokwisha kupanda. Tulisikia gari likilia kwenye kona za bondeni. Koko alikuwa tayari amevaa kitambaa chake cha kanisani. Aliwasha moto mwenyewe, akatupia kangaga, moshi ukasimama. Karani aliwekewa meza na kiti cha mwalimu chini ya ukingo wa paa, akafungua kitabu, askari mmoja akaegemea gari. Wakaja wazee wachache, walewale waliokuwa wameandikwa zamani. Akaja kapita. Kisha basi.

Koko akatazama mashambani. Majembe yalikuwa yamelala. Akasema labda hawajauona moshi, tuongeze. Wanawake wote tukakimbia kukata kangaga na matawi mabichi, tukarundika, moshi ukawa mzito mpaka macho yakatoka machozi, mpaka karani akahamisha kiti. Hakuna aliyekuja. Tukaongeza tena. Ee Mungu wangu! Tulikuwa tunawafukuza. Kila fungu tulilotupa motoni liliwaambia kwamba askari ni wengi, kamba ni nyingi, kimbieni zaidi. Hata waliosema sawa kanisani, miguu yao iliwatangulia. Moshi wa miaka yote ile ulikuwa umeingia ndani ya miili yao, na Jumapili moja haikutosha kuutoa.

Mwalimu ndiye aliyeelewa kwanza. Akamwaga ndoo ya maji motoni, akakimbia mwenyewe kuelekea mianzi akiita, viatu miguuni. Wanawake wachache wakamfuata. Karani akatazama jua.

Hapo Koko akaenda mbele ya meza. "Niandike mie," akasema.

"Mama, banamuke habapige kura."

"Basi andika bale banaume. Majina yao minajua yote."

Na akaanza kuyataja. Majina ambayo alikuwa ameyameza kwa miaka, ambayo askari walimtishia kwa fimbo asiyatoe, sasa aliyatoa kwa sauti kubwa, nyumba kwa nyumba, kuanzia ya kijitoni. Mwanaume fulani, baba yake fulani, shamba lake pale kwenye mteremko, watoto wake hawa hapa wamesimama. Wale wajane wa kitabuni walisikia waume zao wakifufuliwa mmoja mmoja na hakuna aliyekanusha. Jirani yetu alilia. Mwishowe Koko akataja jina la mtoto wake wa kwanza, akalirudia, kana kwamba yeye pia angeweza kushuka kutoka mianzini.

Karani hakuandika hata moja. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa amekaa ameshika kalamu, uso umemshuka. "Mama," akasema taratibu, "muntu mwenyewe ndiyo anaandikwa. Anakuja kuweka kidole yake. Mie siwezi andika jina bila muntu, batanifunga." Akasubiri tena kidogo, nadhani kwa huruma. Kisha akafunga kitabu, na gari likashuka.

Wanaume wa kwanza walitokea jua likishuka upande wa Walikale, majasho yanawatiririka, wakiuliza Koko amefungwa na nani. Walidhani askari wamemlazimisha kuwasha moto. Walikuja na mapanga kumkomboa. Alipowaeleza, wakakaa chini palepale uani, hakuna aliyemlaumu mwenzake, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi, kuwaona watu wazima wameinamisha vichwa mbele ya majivu yaliyolowa.

Kesho yake walishuka mpaka posta, kituo cha serikali, mwalimu akiwaongoza, ili waandikwe kule. Waliambiwa kitabu cha upande wetu kimefungwa. Wasiokuwa na buku, na ndio wengi, walizuiwa hukohuko wakapelekwa kulima barabara kwa kosa la kujificha. Kwa hiyo siku ya kura kilima chetu kilipeleka mwalimu, kapita na wale wazee. Koko aliwasindikiza mpaka mlangoni pa chumba cha kura, akaketi nje na wanawake wengine. Alichaguliwa mtu wa bondeni ambaye hakujua hata njia ya kuja kwetu, na katika baraza hakuna aliyefungua mdomo jina la kilima lilipotajwa.

Kilima akapewa yule mzungu, na waya wake ukapigwa kukizunguka kabla ya uhuru. Uhuru wenyewe ulipokuja tulicheza, tuliimba, bendera ikapanda, lakini waya ulibaki na ng'ombe wakabaki. Watu walitawanyika, kila mmoja na ndugu zake, wengine upande wa Walikale ambako walikuwa wamekataa kwenda maisha yao yote. Ile sauti ya wanaume wakibishana jioni sikuisikia tena mahali popote, na nimeishi sehemu nyingi. Siku hizi mtu akiniambia kwamba kuandikwa hakubadilishi kitu, natamani nimpe angalau jioni moja ya kule kwetu, ajue kitu kinaweza kubadilika namna gani kwa kutoandikwa.

Sisi tulipewa kibanda kando ya soko. Koko hakuwa amewahi kununua maharagi maishani mwake. Yetu yalikuwa madogo, meusi, yenye doa jeupe pembeni, mbegu aliyopewa na mama mkwe wake, na msimu ule ng'ombe waliingizwa shambani yakiwa bado kwenye maua, mbegu isibaki. Siku ya kwanza ya soko alichuchumaa mbele ya gunia la mama mmoja akaanza kuyapekua kwa vidole, anachukua punje, anaitazama, anairudisha, anachukua nyingine. Watu walipanga foleni nyuma yetu. Yule mama alimvumilia muda mrefu, kisha akamuuliza bila ukali, "Koko, unanunua ao unatafuta?"

"Minatafuta," Koko akasema, na akaendelea kutafuta mpaka soko lilipofungwa.