Uvunguni mwa Kitanda

Miaka ya hamsini tulikaa mtaa wa Ng'ambo, kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Mama aliuogopa moto kuliko mwizi. Jiko lilikuwa mbali uani, majivu aliyamwagia maji kabla ya kuyatupa, na mlangoni hapakukosa mtungi wa maji na ndoo ya mchanga. Sisi wanawe wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, tulikatazwa hata kugusa kibiriti.

"Nshasema," alikuwa akituambia. "Nikimkuta mtu na kibiriti, nampiga."

Mchana mmoja wa kaskazi, stovu ya mafuta ya taa ilishika moto kwa jirani. Upepo ukazirusha cheche mpaka kwenye paa letu. Nilichota maji mtungini, mama akamwaga. Wanaume wakaja na miti mirefu kuyang'oa makuti. Moto ukatushinda. Tukavutwa nje.

"Mdogo wako yuko wapi?" mama akaniuliza.

Jirani akadakia kwamba amemwona akikimbilia barabarani na kina mama. Tukaenda huko tukimwita. Hakuitika. Tuliporudi, paa lilikuwa limeshaanguka. Wanaume walimshika mama asiingie, akawa anawang'ata mikono.

Walimkuta uvunguni mwa kitanda, amejikunyata pembeni kabisa. Nadhani alidhani ule moto ataulizwa yeye, akajificha asipigwe. Baba alirudi kutoka bandarini kwenye kazi zake, akambeba mwenyewe kwenda kumzika. Mimi sikuruhusiwa kumwona.

Arubaini ilipokwisha, mama alianza kupita nyumba za mtaani, anabisha hodi, anaomba watoto waitwe.

"Moto ukizuka msijifiche," aliwaambia. "Hata kama mmeuwasha nyinyi. Tokeni nje mpige kelele. Hapana atakayekupigeni. Mmesikia?"

"Naam, Bi."

Kisha aliwageukia wazazi wao. "Waonesheni pa kukimbilia. Na mtu asiseme kamwona mtoto mpaka amshike mkono."

Wengine walisema amepungukiwa na akili. Hakujali, aliendelea mpaka mtaa wa pili.

Siku moja alikuwa akipepeta mchele, akaniuliza bila ya kuinua uso, "Aliniogopa mimi, au aliuogopa moto?"

"Aliuogopa moto, mama."

Akaurusha tena mchele. Chuya zikaendelea kuanguka.