Vuta Pumzi Nikupime

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu hapa Gisenyi, mwanangu, ni ile ambayo safu mbili za igisoro zilipotea mbele ya macho ya baba yangu, na mimi ndiye niliyezipoteza.

Baba alikuwa fundi cherehani. Kila alasiri Mzee Saidi, dereva wa lori aliyestaafu, alikuja kibandani kwake wakacheza igisoro, ule mchezo wetu wa ubao wenye safu nne za mashimo manane. Kisha baba akapata kiharusi. Mkono wake wa kulia ukabaki unatetemeka, kila akishika kete zinamwagika. Cherehani akamwachia mama, ubao akauweka juu ya kabati. Mzee Saidi aliendelea kuja, lakini wakawa wanakaa tu wakitazama barabara. Iliniuma sana.

Nilikuwa nasomea kompyuta, na nilijiona najua. Nikaandika igisoro kwa Java, lugha ya kuiandikia kompyuta, baba awe anabonyeza shimo tu kwa kipanya, kete zijisambaze zenyewe. Niliitengeneza kwenye kompyuta ya chuoni yenye kioo kikubwa. Kila shimo nililipangia mahali pake kwa namba: hili hapa, upana huu, lile pale. Ilipendeza, nami nikajipongeza mapema.

Nikaazima laptopu ya rafiki yangu, nikaileta kibandani. Mzee Saidi akasogeza kiti. Nikafungua mchezo. Kioo kile kilikuwa kifupi, na safu mbili za chini zilikuwa zimekatika zote. Hizo ndizo zilikuwa safu za baba.

"Yangu iko wapi?" aliuliza.

"Iko chini, baba, haionekani. Napunguza namba sasa hivi, itaingia."

"Na kesho ukileta mashini ingine?"

Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma.

"We mutoto ya fundi," alisema. "Ulipima nani?"

Hapa nikueleze kidogo. Kulikuwa na wateja wa kutoka mji wa Mahoko waliotuma uzi wenye mafundo badala ya kuja wenyewe: fundo la bega, fundo la kiuno. Baba aliurudisha uzi kila mara. Alitaka mtu asimame mbele yake, amwambie, "Vuta pumzi," ndipo auzungushe utepe kifuani. Alisema nguo iliyopimwa kwa uzi inamfaa mtu aliyesimama kimya, na hajaona mtu anayesimama kimya kutwa nzima.

Basi mimi nilikuwa nimeleta uzi. Nilipima kioo cha chuoni, nikasema kazi imekwisha.

Nikarudi chuoni, nikafuta zile namba moja moja. Nikaiachia Java kazi niliyokuwa nimeinyang'anya: kila shimo liulizwe linahitaji nafasi kiasi gani, dirisha la mchezo likusanye majibu, na ligawe upya kila linapobadilika. Mara ya kwanza mashimo yalitoka kama mabakuli yaliyokaliwa. Nikaongeza kwamba kila duara lifuate kipimo kilicho kidogo kati ya upana na urefu. Siku ya tatu, saa sita mchana, nilishika pembe ya dirisha nikaivuta.

Mwanangu, nilishikwa na butwaa. Mashimo thelathini na mawili yalisogea pamoja, yakakua, hakuna lililomkanyaga mwenzake, yote mviringo. Nikayarudisha, yakarudi. Niliyaandika kwa vidole hivi hivi, lakini nilihisi nimeona kitu kikubwa kuliko mimi. Nilisema Subhanallah peke yangu mle darasani, na sioni aibu kukuambia.

Kibandani nikaivuta tena pembe ile, baba anatazama. Akanishika mkono.

"Rudisha," alisema. "Vuta tena."

Nikavuta. Akamgeukia rafiki yake.

"Muzee, ona. Inavuta pumzi."

Tuliivuta mpaka kila shimo likawa kubwa kiasi cha kuusamehe mkono wake. Akabonyeza. Mkono ulitetemeka, lakini ukatua ndani ya shimo, na kete zikaondoka. Mama akasimamisha cherehani ili asikilize. Mzee Saidi alifungwa na baba mchezo wa siku ile, akanung'unika kwamba mashini inampendelea mwenye kibanda, na kesho yake akarudi mapema kuliko kawaida.

Nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Chochote utakachowatengenezea watu, usikipime kwa kioo chako. Kwanza ujue atakayekifungua ni nani na mkono wake ukoje, kisha mwachie nafasi ya kubadilika, maana atabadilika. Ukiibana nafasi hiyo, utakayemkata nje ni yule yule uliyemkusudia. Mungu akujalie kumwona mtu kabla ya kuiona kazi. Na mikono yako mwenyewe itakapoanza kutetemeka, akupe wa kukusimamisha mbele yake akwambie, vuta pumzi nikupime.