Mpira wa Tyubu

Mimi Tusekile nauza spea hapa Majengo, na ukuta wangu ndio ukuta wa gereji ya Eustaki, fundi umeme wa magari. Kwa hiyo msinisimulie habari za Eustaki, namjua hadi kikohozi chake. Mkono wake mwepesi, lakini alikuwa na ubishi wa kijinga: waya ukikatika, halehemu. Anausokota, anaufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu, basi. "Hiyo itatuzika sote," anasema. Mjini hapa hakuna mwingine anayefunga hivyo.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, Hilaria wa kijiji cha Kate alileta gari la marehemu mumewe, Adriano. Lina springi za upepo, linajiinua na kujishusha lenyewe. Januari lilinasa kwenye tope, Adriano akaingia chini kutoa jiwe, likamshukia. Tangu siku hiyo, kila likiwashwa linainama nyuma kushoto, kama kuna mtu kapanda.

"Fundi, niambie kitu kimoja tu," Hilaria alisema. "Ni gari au ni mkono wa mtu? Ukoo unamtaja shemeji yangu Maximilian. Jumamosi wanakaa kikao. Wakimwona mchawi, wanamfukuza."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikadakia: "Huo ni mkono wa mtu! Gari gani linachagua wa kumlalia?"

Hilaria akaondoka analia.

Eustaki akapaka povu la sabuni kwenye mipira yote ya upepo. Hakuna panapovuja. Pampu nzima. Akaweka mita kwenye nyaya za sensa, ile inayoiambia kompyuta gari liko juu kiasi gani. Akazitikisa, namba zikarukaruka. Kumbe sensa inadanganya kwamba gari limeinuka mno, na kompyuta inatoa upepo. Akaufuata waya kwa vidole hadi juu ya tairi, kisha vidole vikasimama hapo. Nikaenda kuchungulia.

Mpira wa tyubu. Ndani, waya uliosokotwa, umeingia maji na kuota kutu ya kijani.

"Tusekile," akasema, "nikiulehemu sasa hivi, nani atajua?"

"Mimi," nikamjibu.

Akakikata kile kipande, akakifunga kwenye leso. Jumamosi asubuhi tukaenda Kate wote wawili, maana na mimi nilikuwa na mdomo wangu wa kuujibia.

Tulichelewa. Kikao walikifanya Ijumaa. Nyumba ya Maximilian ilikuwa imeezuliwa paa, na yeye kaondoka na wanawe bila kuaga.

Eustaki akapiga magoti mbele ya mama yao Adriano na Maximilian. "Shikamoo mama. Aliyemuua Adriano ni mimi." Akafungua leso, akaeleza yote.

Mama akakigeuza kipande kile kiganjani. "Nilikuwa na wana wawili," akasema. "Mmoja umeniulia wewe. Wa pili nimemfukuza kwa mdomo wangu. Nenda kamlete."

Siku hizi Eustaki analehemu kila waya, hata wa redio. Kila Jumamosi anafunga gereji, anakwenda kumuulizia Maximilian kijiji cha Mwazye, anauliza hadi mpakani. Jioni namsikia ukutani akimpigia mama yule simu. Anasema, "Bado, mama," halafu anakata.